Soko la Ramu Lilipolala Changamwe

Nyinyi mnaouza vipuri vya kompyuta siku hizi, nawaona. Nikipita Changamwe kwenda kupimwa presha, nawakuta mmekaa mlangoni kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na simu yake, mnamngojea mteja wa ramu. Nikiwauliza habari za kazi mnanijibu, "Shikamoo Bi. Mwanaidi. Soko limelala." Marahaba, wanangu. Hata mimi liliwahi kunilalia. Nimeona niwaandikie yaliyonipata, maana mkinisimamisha pale barabarani malori yanapita na nusu ya maneno yangu hamyasikii.

Mimi ni mtu wa Jomvu Kuu, na kazi nimeifanya Changamwe miaka ishirini na ushei. Duka letu lilikuwa na upana wa mlango na nusu, limebanwa kati ya duka la dawa na mshona viatu. Nasema letu, lakini kabla yangu lilikuwa la Fundi Salim. Yeye alianza na redio. Kompyuta zilipoingia alikuwa mtu mzima mwenye mvi, akazifungua moja baada ya moja kama alivyozifungua redio, mpaka zikamzoea. Siku ya kwanza mimi nilikwenda pale kununua betri ya saa. Nikamkuta ameshika kipande chembamba cha kijani chenye meno ya rangi ya dhahabu, anakisugua kwa kifutio cha penseli.

Nikamuuliza, "Fundi, unafuta nini hapo?"

Akasema bila kuinua kichwa, "Nafuta bahari."

Ilikuwa hewa ya chumvi. Huku kwetu hewa hiyo hula kila chenye shaba, na meno ya ramu yakishika utando, kompyuta hulia mara tatu na skrini ikabaki nyeusi. Mwenye nayo hudhani imekufa akaenda kununua nyingine. Fundi huchomoa ramu, akasugua meno taratibu kwa kifutio, akapangusa unga, akairudisha, na maiti ikafufuka. Nilipoliona jambo hilo, betri ya saa niliisahau. Nikavuta kibao nikakaa, na sikuinuka pale mpaka nilipostaafu.

Wengine wenu ni wapya, kwa hiyo niseme ramu ni nini, nilivyokuwa nikiwaambia wateja. Mtazame mama anayekaanga viazi. Gunia la viazi liko stoo, hiyo ndiyo diski. Karai lililo motoni ndilo ramu. Karai likiwa dogo, hata uwe na magunia kumi stoo, utakaanga vinne vinne na watu watapanga foleni mpaka kituo cha magari. Mteja akiambiwa hivyo huelewa, na mara nyingi huondoka akaenda kununua viazi.

Siyo wote, lakini. Kulikuwa na bibi mmoja wa makamo aliyeleta kompyuta ya mwanawe. Nikaifungua, nikamwambia kwa heshima, "Bi. mkubwa, ramu imekufa." Akashika kifua. "Nani amekufa Lamu?" Nikamweleza kuwa ni kifaa tu. Hakuniamini mpaka alipompigia simu dada yake aliyeolewa Lamu, wakaamkiana, wakaulizana habari za watoto na za nyumba, na mimi nimesimama na bisibisi mkononi. Alipomaliza akasema, "Alhamdulillahi, wote wazima. Basi itie hiyo nyingine." Tangu siku hiyo, kwa watu wazima nilisema kumbukumbu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Ramu ilikuwa na msimu wake mwema. Kila mtaa ulikuwa na saiba, duka la kulipia intaneti, na kila mwenye saiba alitaka mashine zake ziende mbio kuliko za jirani. Tulikuwa tukiziuza kama mahamri ya asubuhi. Muuzaji wetu wa jumla alikuwa Karim, mtu wa kisiwani Mombasa, mpole, mwenye sauti ya kukushawishi hata ununue kivuli chako. Wiki moja Fundi Salim alikwenda Vanga kwenye harusi ya binti yake, akaniachia duka. Karim akanipigia simu. "Bi. Mwanaidi, ramu zinapanda bei. Ukingoja Fundi arudi utazikuta hazishikiki. Nikuwekee karatoni mbili?"

Mimi nilikuwa nataka Fundi akirudi anikute nimefanya jambo kubwa. Nikasema niwekee. Sikuuliza za aina gani, wala sikuuliza ni nani atakayezinunua. Nilikuwa na haraka ya mtu anayetaka kusifiwa.

Karatoni zikaja. Nilipofungua ya kwanza nikakuta ramu ndefu za kompyuta za mezani, sawasawa. Nilipofungua ya pili nikaona vifupi vya laptopu, karatoni nzima. Wakati huo laptopu tulizokuwa tukizitengeneza zilihesabika kwa vidole. Nikampigia Karim, naye akanijibu kwa upole ule ule, "Lakini mama, wewe ulisema ramu." Na kweli nilisema ramu. Nikaisukuma karatoni ile nyuma ya feni za kupoozea mashine, nikaifunika kwa kanga.

Haukupita muda mrefu soko likalegea. Halikuanguka siku moja. Alianza mwenye saiba wa chini kwa barabara kufunga, kwa sababu watu walikuwa na intaneti kwenye simu. Akafunga na wa pili, yeye akafungua duka la kinyozi. Kisha zikaanza kuja laptopu ambazo ramu yake imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuitoa wala kuongeza. Wateja waliokuwa wakiniita jina wakawa wanapita wakinipungia mkono. Bei nayo ikateremka, na ramu nilizonunua za juu zikawa zinauzwa rahisi kule kisiwani na bado hazina mtu. Asubuhi nilipangusa vumbi kwenye kabati, mchana nikapangusa tena. Nilianza kuzijua sura za madereva kwa kuwatazama tu wakipita.

Fundi Salim hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililonitesa. Mwishoni, siku moja baada ya sala ya alasiri, nikaivuta ile karatoni, nikaondoa kanga, nikamwonyesha.

"Fundi, nimekosea. Hizi ni za laptopu. Na zile ndefu haziendi."

Akachukua kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Kisha akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Wakati wa redio za kaseti, alisema, alinunua mikanda ya mpira ya kuzungushia kaseti, mifuko kwa mifuko, siku zile zile watu walipokuwa wakianza kuhamia sidii. Akakaa dukani mwaka mzima akisubiri.

"Kusubiri nini?" nikamuuliza.

"Kaseti zirudi." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Mpira ukakauka ukakatika wenyewe ndani ya mifuko. Na miaka ile ile, Mwanaidi, kila nyumba ya Jomvu ilikuwa na redio ya kaseti imekaa juu ya kabati kwa kukosa mkanda. Watu walidhani hazitengenezeki. Mimi sikwenda hata nyumba moja kuwauliza. Nilikaa tu dukani."

Hakunilaumu. Alirudi kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Mimi usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikatoka.

Nilitia ramu ndefu kumi katika kikapu, zimefungwa moja moja, na bisibisi juu, nikaanza kupita ofisi za Changamwe. Mnajua ofisi zetu zilivyo, za malori, za mawakala wa forodha, za maghala. Mashine zao ni kuukuu na hazipumziki. Ofisi ya kwanza bawabu alitazama kikapu akaniuliza, "Visheti ni vya shilingi ngapi, mama?" Nikamwambia siuzi visheti. Akasema basi hakuna ruhusa ya kuingia. Ofisi ya pili vivyo hivyo. Ofisi ya tatu niliingia, lakini karani aliniambia kompyuta ni mali ya kampuni, na kampuni iko Nairobi.

Siku ya pili nikabeba na visheti kweli. Nimevikaanga mwenyewe alfajiri. Wallahi sikuwa na mzaha. Mabawabu wakanifungulia milango yote. Kufika saa nne visheti vimekwisha na ramu ziko kumi.

Siku ya tatu ndipo nilipoingia ofisi ya malori ya Bwana Kazungu, na ndipo nilipomjua Rukia.

Rukia alikuwa karani wa kutoa hati za mizigo. Lori haliondoki bila hati, na hati haitoki bila Rukia na mashine yake. Dirishani kulikuwa na madereva saba au wanane wameegemea ukuta, wengine wanapiga miayo. Yeye alikuwa amekaa mikono mapajani, anatazama skrini. Alinunua visheti vitatu, akaniuliza jina, akanikaribisha kiti.

"Kaa, Bi. Mwanaidi. Mashine hii ukiibofya unaweza kwenda kununua mahamri na mbaazi, ukala, ukanawa, ukarudi, bado inafikiri. Mimi ndivyo nifanyavyo kila asubuhi." Kisha akashusha sauti. "Lakini huenda nisidumu hapa. Bosi ameniambia kazi imenishinda. Mwisho wa mwezi anamleta mwingine."

"Umefanya kosa gani?"

"Naambiwa ni mzito. Malori yanachelewa, wenye mizigo wanapiga kelele, na anayeonekana amekaa ni mimi."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kitaa, ile taa ndogo ya mbele ya mashine. Hili mlishike. Kitaa cha diski kikimemeta bila kupumzika na hali hakuna mtu anayefanya kazi, basi karai la mashine limejaa. Inabeba viazi kwenda stoo na kuvirudisha, kwenda na kurudi, inachoka bila kukaanga. Nikamwambia Rukia, "Mwanangu, mzito si wewe."

Bwana Kazungu akaingia wakati huo huo. Alikuwa mtu mrefu, mchangamfu kwa wateja na mkavu kwa wafanyakazi. Nikamsalimu, nikamweleza kilichonileta.

Akasema, "Mama, kila siku naambiwa mashine. Mashine ni ile ile tuliyoanza nayo ilipokuwa ikienda mbio. Kilichobadilika ni mtu."

"Kilichobadilika ni kazi mnayoipa," nikamwambia. "Nipe muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikimaliza na haijabadilika, nachomoa changu naenda zangu, wala hutaniona tena."

Akatazama foleni ya madereva, akavuta kiti akakaa. "Haya. Nakutazama."

Nikazima umeme, nikachomoa waya, nikagusa chuma cha mashine kwanza. Huku Mombasa kuna unyevu, umeme wa mwilini si mwingi, lakini ofisi ile ilikuwa na kiyoyozi na zulia, na mimi nimevaa buibui la nailoni. Ukiingiza mkono bila kugusa chuma unaweza kuua kifaa na usijue. Nikafungua ubavu. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka na mayai mawili ya mjusi kafiri, meupe, yamekaa pembeni kwa amani. Madereva wakasogea dirishani kuona. Mmoja akasema kumbe kampuni inafuga.

Nikatia ramu mbili. Nikabonyeza mpaka nikasikia mlio wa kujifunga upande huu na upande huu. Nikarudisha waya, nikawasha.

Ikalia mara tatu. Skrini nyeusi.

Madereva wakaanza kucheka. Bwana Kazungu hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Rukia alikuwa amekaa na kisheti mkononi hakijaumwa, na nikaelewa kuwa sasa nimemtia mahali pabaya kuliko nilipomkuta, kwa sababu hapo awali angalau mashine ilikuwa ikiwaka. Jasho likanitoka na kiyoyozi kinavuma. Nikajiuliza ramu hizi zimekaa kwetu miezi mingapi, zimefungwa katika karatasi, katika hewa ya Changamwe. Nikajua. Nikaingiza mkono kikapuni kutafuta kifutio. Nimekiacha dukani.

"Rukia," nikamwambia, "una kifutio cha penseli?"

Akafungua droo akanipa chake, kimechakaa, kimeandikwa jina la mwanawe. Nikazichomoa zote mbili, nikasugua meno taratibu, mbele na nyuma, kama nilivyomwona Fundi Salim siku ya betri ya saa. Nikapangusa. Nikazirudisha. Nikasema bismillahi, nikawasha.

Ikalia mara moja, kifupi. Skrini ikaja. Na ikaja yote, sikuwa hata nimekishika kikombe cha ile chai niliyoitaja. Rukia akavuta kiti, akafungua hati ya kwanza, akaichapa. Ya pili. Ya tatu. Printa ikawa haipumui. Kabla ya adhana ya adhuhuri foleni yote ilikuwa imekwisha, na dirishani hapakuwa na mtu wa kutucheka.

Bwana Kazungu alikaa pale pale muda wote ule, hakuinuka hata kupokea simu. Dereva wa mwisho alipochukua hati yake, alimwambia karani wake mbele ya dereva yule, "Rukia, nimekukosea."

Rukia hakuinua macho kwenye kazi. "Umenikosea tangu Ramadhani, Bwana Kazungu."

"Tangu Ramadhani," akakubali.

Akanitaka nifungue na mashine nyingine tano za ofisi ile. Nilipokuwa natoka, Rukia alinisindikiza mpaka langoni. Nilidhani anataka kunishukuru. Akaniambia, "Bi. Mwanaidi, Mungu akubariki, lakini umeniulia staftahi yangu. Sasa mbaazi nitakula saa ngapi?"

Basi madereva ndio walionitangaza. Dereva haoni haya kusema, na kila ofisi aliyokwenda alisimulia habari za yule mama wa visheti na mayai ya mjusi. Wiki mbili hazikuisha nikaanza kuitwa. Nilikuwa natoka asubuhi na kurudi jioni, na Fundi Salim anakaa dukani akipokea simu na kuandika anwani kwa mwandiko wake mzuri. Soko halikuamka, msinielewe vibaya. Bei iliendelea kushuka. Lakini ramu rahisi ni raha kwa mwenye mashine kuukuu, na mashine kuukuu zilikuwa kila mahali. Zilikuwa zinangoja mtu wa kubisha hodi.

Vile vifupi vilinipeleka Mtopanga. Mpwa wa Rukia alikuwa mwalimu kule, akaniambia walimu wengi wana laptopu za mitumba zinazozimika wakifungua mitihani. Mwalimu mmoja alifurahi sana nilipomwongezea ramu, kesho yake akanipigia simu kulalamika kuwa bado hana nafasi ya picha za harusi yake. Ikabidi nimweleze habari za karai na gunia upya. Na kila nilipokuta laptopu iliyochomelewa ramu, nilimwambia mwenyewe kuwa hii siiwezi, asimpe mtu pesa zake kwa ajili hiyo. Niliyemkatalia hivyo aliniletea wawili wengine. Fundi Salim alikuwa ameniambia zamani kuwa neno "siwezi" likisemwa mapema ni sehemu ya ufundi.

Siku moja Karim akaja dukani mwenyewe, amekonda. Ghala lake limejaa. "Nakupa kwa bei ya kutupa," akasema. "Chukua karatoni tatu, mama."

Nikamuuliza, "Karim, ni za mashine ya nani?"

Nikafungua daftari la anwani la Fundi, nikasoma mashine ya nani, aina gani, lini nimeahidi. Nikachukua vipande kumi na moja. Kisha nikampa Karim kiti na chai, nikamweleza aanze wapi kubisha hodi kule kwake kisiwani. Wapo walioniambia nimefundisha mshindani. Kisiwani sikuwa na miguu ya kufika, na Karim alikuwa na watoto.

Fundi Salim alistaafu miaka michache baadaye. Yuko Vanga kwa binti yake, mzima, anatengeneza redio za wavuvi kwa raha zake. Rukia leo ndiye msimamizi wa ofisi ile, na chini yake kuna makarani watatu. Nimesikia kuwa karani akichelewa, kabla hajamsemesha, kwanza hutazama kitaa cha mashine yake.

Mimi magoti hayataki tena ngazi za ofisi. Lakini nyinyi magoti mnayo. Mnasema hakuna anayeuliza ramu, na mnasema kweli. Rukia naye hakuuliza ramu. Hakujua kama kuna kitu cha kuuliza. Alijua tu kuwa anaitwa mzito.

Basi inukeni kwenye hivyo viti. Fungeni mlango saa moja tu, mvuke barabara. Hapo ng'ambo, katika ofisi fulani, kuna mtu amekaa mikono mapajani, anatukanwa kwa uzito usio wake.